Jina Ndani ya Mabano: Maadili ya Uandishi wa Kitaaluma na Vitabu vya Mlima Meru

Ikisiri

Maadili ya uandishi wa kitaaluma hufundishwa kwa kawaida kama orodha ya makatazo: usiibe maandishi ya mwingine, usibuni data, usichapishe makala moja mara mbili, usimwandike mtu ambaye hakushiriki kazi. Makala hii inadai kwamba makatazo hayo, pamoja na umuhimu wake, yanamlinda mwandishi dhidi ya mwandishi mwenzake kuliko yanavyomlinda mtu ambaye maarifa au masimulizi yake ndiyo mwili wa kitabu. Dai hili linajengwa kwa kuhakiki vitabu vilivyozaliwa Arusha na kwenye miteremko ya Mlima Meru, hasa The Meru Land Case cha Kirilo Japhet na Earle Seaton (1967) na Mirau and His Practice cha Raimo Harjula (1980), huku kisa cha Mtoro bin Mwinyi Bakari kikitumiwa kama kipimo kutoka pwani. Makala inaonesha kwamba uamuzi wa jalada huamua pia jina litakalobaki katika marejeleo ya vizazi vinavyofuata, na inapendekeza kwamba swali la nani atajwe na nani afichwe lijibiwe kwanza na mwenye masimulizi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda kukusanya data katika kijiji kilichoko chini ya Mlima Meru huondoka chuoni na karatasi nyingi. Anayo barua ya utambulisho. Barua hiyo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata, na mwisho kwa mtendaji wa kijiji. Kila ofisi hugonga muhuri wake. Mwanafunzi anapofika kwenye kibaraza cha mzee atakayemsimulia ngano au kumfafanulia methali za Kimeru, amekwisha kuruhusiwa na kila mtu isipokuwa mzee mwenyewe. Miezi michache baadaye mzee huyo anaonekana katika tasinifu kama “Msailiwa wa 3, mwanamume, miaka 78”. Ngano yake imo katika kiambatisho. Jina lake halimo popote.

Hakuna kanuni iliyovunjwa hapo. Kinyume chake, kanuni zimefuatwa zote, na kamati ya maadili ingempongeza mwanafunzi kwa kulinda utambulisho wa watafitiwa wake. Hata hivyo, mtu aliyefunzwa kuhakiki fasihi simulizi hawezi kuuona ukurasa huo bila kutatizika. Darasani mwanafunzi huyo amefundishwa kwamba fanani ni mtunzi, kwamba kila utendaji ni uumbaji mpya, na kwamba ngano haina matini moja iliyoganda bali huzaliwa upya mdomoni mwa msimulizi. Kama hayo ni kweli, basi kiambatisho cha tasinifu ni kazi ya sanaa iliyochapwa bila jina la msanii. Nadharia ya fasihi inamwita mtunzi. Maadili ya utafiti yanamwita msailiwa. Makala hii inachunguza mgongano huo, na inauchunguza mahali ambapo umeacha ushahidi wa maandishi: katika vitabu vilivyoandikwa kuhusu Wameru na Waarusha katika karne ya ishirini.

2.0 Kanuni Zilikotoka

Ni vema kukumbuka kwamba kanuni zinazotumika leo katika vyuo na majarida hazikuzaliwa katika masomo ya lugha na fasihi. Sharti la ridhaa ya mtafitiwa lilipata nguvu katika Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, baada ya hukumu ya madaktari wa Kinazi waliofanya majaribio juu ya miili ya wafungwa. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani lilifuata mwaka 1964. Mantiki ya maazimio hayo ni ya hospitali: mtafitiwa ni mgonjwa, utafiti unaweza kumdhuru, na siri yake ni sehemu ya usalama wake. Mgonjwa hatafuti sifa kwa ugonjwa wake. Kumficha ni kumtendea haki.

Kanuni za nani aitwe mwandishi zina chimbuko hilohilo. Kundi la wahariri wa majarida ya tiba lililokutana Vancouver mwaka 1978 lilianzisha mapokeo ambayo leo yanadai mambo manne kwa pamoja: mtu awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika wazo au data, awe ameandika rasimu au ameirekebisha kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Masharti haya yalikusudiwa kuzuia uovu unaofahamika vizuri katika vyuo vyetu pia, yaani uandishi wa zawadi, ambapo mkuu wa idara au msimamizi anawekwa jina katika makala ambayo hakuishughulikia. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997 na wahariri wa majarida ya tiba, imesambaza mapokeo hayo hadi katika majarida ya taaluma nyingine, ya lugha na fasihi yakiwemo.

Kwa kuzuia uandishi wa zawadi masharti hayo yanafaa. Udhaifu wake unaonekana yanapogeuzwa upande wa pili. Yanajua kumwondoa aliyepewa jina bila kazi, lakini hayana la kusema juu ya aliyefanya kazi na asipewe jina. Sharti la pili ndilo kikwazo kikubwa: anayesimulia haandiki rasimu. Msimulizi anaweza kuwa chanzo cha kila wazo, kila jina la mti, kila mgogoro na kila kauli iliyomo kitabuni, na bado asifikie kizingiti kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya watu ambao wote wanaandika inapoletwa mahali ambapo mmoja anasema na mwingine anaandika, inageuka kuwa kanuni ya kumpendelea mwandishi.

3.0 Kipimo Kutoka Pwani

Fasihi ya Kiswahili inao mfano wa mapema wa tatizo hili, na mfano huo unasaidia kupima vitabu vya Meru. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen kitabu Desturi za Wasuaheli kikiwa na jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Berlin. Sehemu kubwa ya matini ya Kiswahili iliyomo ilitokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi kutoka Bagamoyo ambaye naye alifundisha Kiswahili Berlin kwa miaka kadhaa. Huyu hakuwa mtu asiyejua kuandika. Alikuwa mwalimu, na lugha ya kitabu ilikuwa lugha yake. Hata kwa kizingiti cha Vancouver, ambacho kilikuja robo tatu za karne baadaye, angepita.

Kwa muda mrefu, aliyetaka kurejelea maelezo ya jando, harusi, deni au safari katika mrima aliandika “Velten 1903”. Mwaka 1981 tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilitoka katika Chuo Kikuu cha California, na anwani yake ikamtaja Mtoro bin Mwinyi Bakari pamoja na Waswahili wengine kama wenye maelezo. Tangu hapo wapo wanaorejelea kazi hiyo kwa jina lake. Maneno ya Kiswahili ni yaleyale. Kilichobadilika ni jina lililo ndani ya mabano, na kwa kubadilika kwake historia ya nathari ya Kiswahili imeongezewa mwandishi ambaye alikuwapo siku zote.

Kisa hiki kinafunza mambo mawili. Kwanza, dhuluma ya jalada inaweza kurekebishwa, lakini kwa kuchelewa sana: Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927, zaidi ya nusu karne kabla ya marekebisho. Pili, chombo kinachosambaza dhuluma hiyo ni kidogo na cha kawaida mno kiasi kwamba hakuna anayekitilia shaka. Velten mwenyewe hakuficha kwamba alikuwa na wasaidizi Waswahili, na msomaji makini wa dibaji aliweza kulijua hilo. Lakini dibaji hairejelewi. Kinachorejelewa ni jalada.

4.0 Mshtaki Aliye Mwandishi

The Meru Land Case kilichapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Kinahusu tukio lililoanza Novemba 1951, pale serikali ya Kiingereza ilipowahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka eneo la Ngare Nanyuki, upande wa mashariki wa mlima, ili ardhi hiyo ipewe walowezi wa Kizungu. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa ripoti ya tume ya Jaji Mark Wilson juu ya ardhi za Arusha na Moshi, iliyopendekeza ukanda wa ardhi ya walowezi usiokatizwa na makazi ya Waafrika. Wameru walipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kutoa ushahidi, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kusimama mbele ya Baraza la Udhamini. Aliyeandamana naye katika shauri hilo ni Earle Seaton, mwanasheria kutoka Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Azimio la kuwaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika katika Baraza Kuu, lakini shauri lenyewe lilikuwa limekwisha kuingia katika historia ya kudai uhuru.

Kwa mhakiki, jambo la kwanza kuliangalia ni jalada. Kirilo anatajwa mbele na mwanasheria wake nyuma. Mpangilio huo si wa adabu tu. Katika ofisi ya wakili, mteja husimulia na wakili huandika. Hati inayotoka huwa na sauti ya wakili. Kitabu hiki kingeweza kufuata desturi hiyo kwa urahisi, kikatoka kwa jina la Seaton peke yake na shukurani kwa Kirilo katika dibaji. Hakikufanya hivyo. Aliyepata msiba wa jamii yake na kuusemea mbele ya dunia amewekwa kuwa mwandishi wa msiba huo, na mjuzi wa sheria amewekwa kuwa mwandishi mwenza. Kwa hiyo kila anayerejelea kisa cha Ngare Nanyuki analazimika kuandika “Japhet na Seaton 1967”, na Mmeru anabaki ndani ya mabano.

Hata hivyo, kubaki huko hakukukamilika. Jina la mtu huyo huandikwa kwa mifuatano miwili, mara Kirilo Japhet, mara Japhet Kirilo, na katika katalogi hupangwa chini ya Japhet kana kwamba hilo ndilo jina la ukoo. Utaratibu wa kuligawa jina la kila mtu kuwa la kwanza na la ukoo umetoka katika desturi nyingine ya kutaja watu, na msomaji asiyejua hilo atamtafuta mwandishi huyu mahali asipokuwapo. Ni jambo dogo, lakini linahusu maadili moja kwa moja: haki ya kutajwa ni pamoja na haki ya kutajwa kwa jina lako jinsi ulivyo.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Kanuni za leo zinamtaka mwandishi atangaze mgongano wa maslahi. Kirilo alikuwa mmoja wa wenye shauri. Je, mshtaki anaweza kuandika kazi ya kitaaluma juu ya kesi yake? Wapo watakaokiweka kitabu hiki katika kundi la ushahidi badala ya utafiti, na kuwaachia utafiti watu wa nje. Jibu linapatikana kwa kukilinganisha na kazi za watu hao wa nje. P. H. Gulliver, ambaye kitabu chake Social Control in an African Society (1963) ndicho maelezo mashuhuri zaidi ya taratibu za Waarusha za kusuluhisha migogoro, alikuwa mtafiti wa jamii aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika katika miaka ya hamsini, na suala la ardhi na idadi ya watu wa Arusha lilikuwa miongoni mwa aliyoyaandikia serikali hiyo. Umakini wa Gulliver hauna shaka, na hakuna sababu ya kumdhania nia mbaya. Lakini mwajiri wake alikuwa upande mmoja wa suala la ardhi ya mlima kama vile Kirilo alivyokuwa upande wa pili. Tofauti ni kwamba maslahi ya Kirilo yanaonekana jaladani, wakati maslahi ya mtafiti wa serikali yanahitaji kutafutwa katika wasifu wake. Kwa kipimo cha uwazi, ambacho ndicho kiini cha kanuni ya mgongano wa maslahi, ni kitabu cha mshtaki kinachofaulu vizuri zaidi.

Mwaka huohuo wa 1967 kilichapishwa pia The Freemen of Meru cha Mmarekani Anton Nelson. Vitabu viwili juu ya watu walewale, vilivyotoka Nairobi mwaka mmoja, vinampa mhakiki nafasi adimu ya kulinganisha. Nelson ni rafiki wa Wameru na hafichi urafiki huo. Lakini anwani yake inawataja Wameru kama wanaoelezwa: watu huru wa Meru, katika nafsi ya tatu. Anwani ya Japhet na Seaton haimtaji mtu yeyote. Inataja kesi, kwa kuwa wenye kesi tayari wako kwenye nafasi ya waandishi.

5.0 Mtu Aliye Anwani

Ikiwa Kirilo ni mfano wa msimulizi aliyefika kwenye nafasi ya mwandishi, Mirau ni mfano wa msimulizi aliyefika karibu nayo kuliko wengi na akabaki nje. Raimo Harjula, msomi wa teolojia kutoka Ufini, alichapisha mwaka 1969 utafiti uitwao God and the Sun in Meru Thought. Mwaka 1980 alichapisha London Mirau and His Practice, kitabu juu ya dawa za mimea za mganga mmoja wa Kimeru. Kati ya anwani hizo mbili kuna hatua kubwa ya kimaadili. Katika ile ya kwanza anayefikiri ni “Meru”: fikra juu ya Mungu na jua ni za kabila zima, na hakuna mtu mmoja aliyezifikiri. Katika ya pili kabila limeondoka na mtu ametokea. Dawa si za “Wameru” kwa jumla. Ni za Mirau, na kimilikishi kilichomo katika anwani kinasema waziwazi kwamba uganga huo ni wake.

Hatua hiyo inastahili sifa, hasa ikikumbukwa kwamba vitabu vingi vya tiba za jadi vya wakati huo na vya baadaye huorodhesha mti, jina lake la kienyeji na matumizi yake, kisha hutaja kabila kana kwamba kabila ndilo lililochimba mzizi. Harjula alikataa njia hiyo. Alitambua kwamba maarifa ya mganga ni hazina ya mtu aliyefunzwa, aliyejaribu, aliyechagua na kukumbuka. Kwa lugha ya uhakiki wa fasihi simulizi, alimwona mganga kama fanani na wala si kama mdomo wa mapokeo.

Lakini anwani ya pili, ile ndogo, inarudi nyuma kidogo. Inaeleza kuwa kitabu ni utafiti wa hazina ya tiba ya mganga mmoja wa Tanzania. Mirau ametajwa kisha akageuzwa mfano wa aina yake. Naye, ingawa uganga ni wake, kitabu si chake. Jina lake liko katika nafasi ya kitu kinachochunguzwa, na jina la Harjula liko katika nafasi ya anayechunguza. Hilo linaweza kuonekana kuwa dogo hadi mtu mwingine anapokitumia kitabu. Mtafiti wa kemia ya mimea anayetaka kueleza kwa nini ameuchagua mti fulani ataandika kwamba mti huo hutumika kutibu maradhi fulani kaskazini mwa Tanzania, kisha ataweka mabano: “Harjula 1980”. Jina lililojaza jalada zima halikuvuka hadi kwenye makala ya pili. Atakayeirejelea makala hiyo ya pili atalipoteza hata jina la Harjula. Methali husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali imeandikwa vizuri daftarini, na daftari lenyewe ndilo linalompoteza mwenye mali.

Kuna pingamizi la haki linalopaswa kujibiwa. Mwandishi huwajibika kwa kazi nzima. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza na kwa istilahi za botania. Kumwita Mirau mwandishi mwenza kungekuwa kumbebesha dhamana ya madai ambayo pengine hakuwa na njia ya kuyakagua, na hilo nalo lingekuwa udanganyifu. Pingamizi hili lina uzito, lakini linachukulia kwamba dhamana ni ya aina moja. Katika kitabu cha namna hii dhamana ziko mbili. Ipo ya maarifa: kwamba mti huu hutumika hivi, kwa kipimo hiki, kwa ugonjwa huu. Anayeweza kuibeba ni Mirau peke yake. Msomi hawezi kuapa kwa niaba yake. Ipo pia ya uchambuzi: kwamba mti huo una jina hili la kisayansi na kwamba matumizi yake yanaeleweka kwa namna hii. Hiyo ni ya Harjula. Japhet na Seaton walionesha kwamba dhamana mbili zinaweza kukaa jaladani pamoja: aliyeyaona mambo, na aliyejua kuyapanga kisheria. Hakuna aliyemtaka Kirilo awe wakili ili astahili kuitwa mwandishi.

Maarifa ya mganga yana ugumu mwingine ambao masimulizi ya kesi hayana. Kesi ya ardhi hupata nguvu kadiri inavyosikika. Dawa inaweza kupungua thamani kwa mwenyewe kadiri inavyojulikana. Ikishachapishwa, haiwezi kurudishwa. Ridhaa ya kuisema mbele ya mgeni mmoja anayeheshimiwa si ridhaa ya kila matumizi yatakayofuata. Itifaki ya Swakopmund, iliyopitishwa mwaka 2010 na shirika la mataifa ya Afrika la miliki bunifu, imelielewa hilo: inamtaka anayetumia maarifa ya jadi nje ya mazingira yake awatambue wenye maarifa hayo na ataje chanzo chake. Miaka mitano baadaye shirika hilohilo lilikutana Arusha na kupitisha itifaki ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Mji ulio chini ya mlima wa Mirau ukaipa jina lake sheria ya kumlinda anayezalisha mmea mpya. Anayeujua mmea wa zamani ameachiwa itifaki nyingine, na kwa kiasi kikubwa ameachiwa dhamiri ya mwandishi.

6.0 Wakati Kuficha Ndiko Kuheshimu

Hoja iliyojengwa hadi hapa isichukuliwe kuwa wito wa kumtaja kila mtu kila mahali. Utafiti wa Gulliver unaonesha mpaka wake. Kitabu chake kimejengwa juu ya mashauri halisi: ugomvi wa mipaka ya mashamba, mahari, madeni, matusi na mapigano, yaliyosikilizwa mbele ya wazee na wanarika. Mtu aliyesimama katika baraza hilo alisema mbele ya jirani zake ili apatane nao, na jirani hao walijua wakati wa kuyasahau maneno yake. Kitabu hakisahau. Kuyatoa maneno hayo katika duara la usuluhishi na kuyaweka katika maktaba pamoja na jina la msemaji ni kuendeleza ugomvi ambao baraza lilikusudia kuumaliza. Hapa kanuni ya kuficha majina, ingawa ilitoka hospitalini, inaafikiana na maadili ya wenyeji wenyewe.

Kwa hiyo kuna aina tatu za kauli ambazo mtafiti huzirekodi kwa kinasa sauti kimoja na ambazo hazistahili kanuni moja. Ipo kauli ya ushahidi, kama ya Kirilo, ambapo jina ni sehemu ya nguvu ya neno, na kulificha ni kulidhoofisha. Ipo kauli ya umahiri, kama ya mganga, mtambaji wa ngano au malenga, ambapo jina ni malipo ya ujuzi, ingawa yaliyomo yanaweza kuhitaji ulinzi. Na ipo kauli ya faragha, kama ya mgomvi mbele ya wazee, ambapo jina ni hatari. Fomu za ridhaa zinazotumika leo huziweka zote katika kundi la tatu.

7.0 Yanayowahusu Wanaochapisha Sasa

Tatizo hili halikumalizika na kizazi cha Harjula, wala halikuwa la wageni peke yao. Wanaotafiti Arusha leo wengi wao ni Watanzania, na wengine ni watoto wa wasimulizi wenyewe. Ukaribu huo haujabadilisha jalada. Penye mtafiti mzawa mtego ni mkubwa zaidi, kwa kuwa ni rahisi kwake kusema “haya ni ya kwetu” na kwa kauli hiyo kuyafanya yawe yake. Ngano aliyoisikia kwa bibi wa jirani inakuwa urithi wa jamii anapoichukua, kisha inakuwa makala yake anapoichapisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa kuzilinda kazi za sanaa za jadi kama mali ya jamii, inatoa ulinzi unaohitajika dhidi ya biashara, lakini haimwoni fanani mmoja mmoja. Ni juu ya wahakiki, ambao nadharia yao inamwona, kuziba pengo hilo.

Mambo manne yanafuata. La kwanza ni kwamba ridhaa iulize swali ambalo sasa haliulizwi: “Ungependa utajwe vipi?” Jibu linaweza kuwa jina kamili, jina la ukoo, jina la utani la kisanaa, au kutotajwa kabisa. Lisiwe jibu la mtafiti. La pili ni la wahariri: pale matini yenyewe, na si habari tu, imetoka kwa msimulizi mmoja, jina lake liwe katika marejeleo kama mtunzi wa matini hiyo, pamoja na mahali na mwaka wa kusimulia, ili atakayeitumia ngano alazimike kumtaja aliyeitamba. Jarida halihitaji sheria mpya kwa hilo. Linahitaji mstari mmoja katika mwongozo wake kwa waandishi. La tatu ni kurudisha. Mountain Farmers cha Thomas Spear (1997), historia ya kilimo cha Waarusha na Wameru, kilitolewa pia na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, na hivyo kikaweza kununuliwa nchini. Hilo ni jema, lakini kimebaki katika Kiingereza kama vitabu vingine kuhusu Wameru na Waarusha vilivyotajwa hapa. Muhtasari wa Kiswahili unaofikishwa kijijini ndicho kizingiti cha chini kabisa, kwa sababu bila huo sharti la “kuidhinisha toleo la mwisho” haliwezi hata kuanza kujadiliwa na msimulizi.

La nne linahusu nani anayetunga kanuni. Mwaka 2017 jamii za Wasan wa Afrika Kusini zilitoa kanuni zao wenyewe za utafiti, zikidai heshima, uaminifu, haki na kujali kutoka kwa kila anayetaka kuwachunguza. Hazikungoja chuo kiwaandikie. Wameru walifanya jambo lenye mantiki hiyo mapema zaidi, ingawa halikuitwa kanuni za utafiti. Serikali iliwatumia tume iliyoandika ripoti juu yao. Nao wakamchagua msemaji wao, wakamlipia safari, na hatimaye maneno yao yakawa kitabu chenye jina la msemaji huyo. Ripoti ya tume iliwahamisha watu kwa maneno yaliyoandikwa juu yao. Kitabu kilijibu kwa maneno yao wenyewe.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba maadili ya uandishi wa kitaaluma hayaishii katika kutokuiba. Velten hakuiba kwa kipimo cha sheria za wakati wake, Harjula alimpa mganga heshima ambayo wengi hawakuitoa, na mwanafunzi wa leo anayeandika “Msailiwa wa 3” anafuata mwongozo wa chuo chake. Hata hivyo, Mtoro alingoja hadi 1981, Mirau hupotea katika rejeleo la kwanza, na mzee wa kijijini hakuwahi kuwapo. Kirilo Japhet peke yake alibaki, kwa sababu kitabu chake kilimhesabu kuwa mwandishi tangu mwanzo. Tofauti kati yake na wenzake haikutokana na elimu tu, kwani Mtoro alikuwa msomi. Ilitokana na uamuzi uliofanywa kabla ya kitabu kwenda mtamboni, juu ya ukurasa ambao waandishi wengi huudhani kuwa kazi ya mchapishaji. Uamuzi huo bado hufanywa kila muswada unapokamilika, na katika fasihi simulizi haupaswi kufanywa bila kumwuliza aliyesimulia.